MTOTO WAKO ANAKULA MARA NGAPI KWA SIKU?

Ukimpeleka mtoto kliniki hupimwa uzito, na uzito huo huandikwa kwenye kadi yake. Mstari wa kadi ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukishuka, mtoto anapungua. Mama wengi husema, "Lakini chakula anakula, Mganga." Ni kweli, anakula. Tuulize: anakula mara ngapi?

Wakati wa kilimo watu wazima wengi hula mara 2, mchana na usiku. Mtoto naye hula pamoja nao. Mtu mzima akila ugali mwingi mchana, ataweza kulima mpaka jioni. Mtoto hawezi, kwa sababu mfuko wake wa chakula ni mdogo. Mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 8, mfuko wake huchukua kiasi cha kikombe 1 tu. Ukimlazimisha zaidi atatapika. Basi hata chungu kikijaa, akila mara 2 amepata vikombe 2. Na kama ni uji mwepesi, sehemu kubwa ya vikombe hivyo ni maji.

Mwili usipopata chakula cha kutosha hutumia akiba yake. Kwanza huisha mafuta, kisha nyama. Ndiyo maana mapaja ya mtoto hukonda.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Kuanzia hapo aendelee kunyonya, na alishwe mara 2 au 3 kwa siku. Akifika miezi 9 alishwe mara 3 au 4. Katikati apewe kitu kidogo, kama ndizi mbivu au kiazi kitamu kilichopondwa. Ndizi mbivu haihitaji moto. Bibi au baba anaweza kumpa mama akiwa shambani. Kulisha mtoto si kazi ya mama peke yake.

Uji uwe mzito, usidondoke upesi kutoka kwenye kijiko. Tia karanga zilizosagwa au mafuta kidogo. Karanga zenye ukungu zitupwe.

Kama mtoto hawezi kumeza uji mzito, tumia kimea. Loweka ulezi siku 1, uache uote siku 2 au 3, uanike juani, kisha usage. Pika uji mzito. Ukianza kupoa, tia kijiko 1 cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache uji utalainika bila kuongezwa maji. Uchemshe tena, ndipo umpe mtoto. Nashauri ulezi, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu na lazima yaondolewe yote.

Mambo haya yamekwisha kujaribiwa. Kuanzia mwaka 1984, katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, watoto walipimwa uzito kijijini na wazazi walifundishwa kuwalisha mara nyingi zaidi, pamoja na huduma nyingine za afya. Mwanzoni watoto kama 6 katika kila 100 walikuwa na utapiamlo mkali. Mwaka 1988 walikuwa chini ya 2.

Wapo watu wazima wanene wanaouliza kama wakila mara 1 tu watapungua. Kwao hesabu ni nyingine. Chakula kilekile, ukikigawa mara 3 au mara 6, uzito ni uleule. Kinachompunguza mtu mzima ni kupunguza jumla ya chakula. Mtoto akikosa mlo mchana, hawezi kuufidia usiku.

Mtoto akiharisha au akiwa na homa, usimnyime chakula. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Akipona, mwongezee mlo 1 kila siku kwa wiki 2.

Kama uzito haukuongezeka mara 2 mfululizo kliniki, mwone mganga. Miguu ikivimba, usingoje siku ya kliniki. Mlete zahanati siku hiyohiyo.