Likizo ya Visiwani Ianzie Kivukoni

Likizo ni haki ya mfanyakazi, na mapumziko ni haja ya kila anayekula kwa jasho lake, awe mkulima, mvuvi au karani. Lakini umezuka mtindo wa kudhani kuwa hakuna kustarehe ila kwa kwenda mbali na kutumia fedha nyingi. Matajiri wa Ulaya na Marekani hupanga safari za kwenda visiwa pacha vya bahari ya Karibiani, kama vile Saint Kitts na Nevis. Sisi wa Kiabakari hatuna sababu ya kuwaonea wivu. Visiwa pacha vyetu ni Ukerewe na Ukara, navyo viko jirani.

Njia yake haina mafumbo. Msafiri hushika barabara kuu ya Musoma na Mwanza hadi Bunda. Hapo huiacha na kuelekea magharibi, akapita Kibara mpaka Kisorya, mwisho wa nchi kavu. Kivuko humvusha mlango mwembamba wa maji hadi Rugezi, kisha huingia Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe. Anayetaka kufika Ukara huendelea mpaka Bugolora na kupanda kivuko kingine cha kwenda Bwisya.

Mambo ya kujifunza huko ni mengi. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Ndiko alikoishi marehemu Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kufariki kwake. Nao Wakara, wenye ardhi ndogo ya kichanga na watu wengi, walijifunza tangu zamani kuwafunga ng'ombe zizini, kuwakatia majani, na kurudisha samadi shambani ili ardhi isichoke. Mkulima wa kwetu akitembea siku moja katika mashamba hayo atarudi na somo kubwa.

Hata hivyo, safari ya visiwani haianzi kwa kutafuta nyumba ya kulala wageni. Huanza kivukoni. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kikitokea Bugolora, ambako watu walikuwa wametoka gulioni. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki peke yao walizidi 220.

Wala msiba wa namna hiyo si wa kwetu pekee. Huko huko Karibiani, tarehe 1 Agosti 1970, meli ndogo iitwayo Christena ilizama kati ya Saint Kitts na Nevis, ikiwa imejaa watu waliokuwa wakienda kula sikukuu. Ilistahili kubeba watu 155. Waliokufa ni 233. Vyombo hivyo viwili vilitenganishwa na bahari na kwa takriban nusu karne, lakini hesabu yao ni moja: idadi ya maiti ilipita idadi ya watu walioruhusiwa kupanda. Na hapa kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi.

Tunayasema haya kwa kuwa msongamano hauletwi na maji wala upepo. Huletwa na watu wengi kutaka kuvuka saa moja, na mwenye mamlaka kushindwa kutamka neno "basi". Kwa hiyo anayepanga likizo apange kwanza namna ya kungoja. Aepuke siku za gulio na mkesha wa sikukuu. Avuke mchana, maana dhoruba za ziwa hili huzuka zaidi usiku na alfajiri. Aweke siku moja ya akiba, ili kivuko kikijaa asione aibu kubaki gatini.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya wenyeji. Mtembezi akikosa safari amepoteza nusu siku ya starehe. Mama wa Ukara mwenye mtoto mgonjwa akikosa nafasi, huenda amepoteza mtoto. Kivuko ni barabara yake, soko lake na njia yake ya hospitali. Mgeni mwenye adabu humpisha mwenyeji, wala hasukumani naye mlangoni.

Kwa watumishi wa Serikali wenye dhamana ya vyombo hivi, tunasema kwa heshima lakini bila kuficha. Baada ya maafa ya mwaka 2018 Ukara ilipatiwa kivuko kikubwa zaidi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini ukubwa wa chombo hauchukui nafasi ya kuhesabu. Abiria wahesabiwe mmoja mmoja, watoto wakiwemo. Mizigo ipimwe. Maboya ya kujiokolea yawe mahali ambapo mkono wa abiria unafika, si kabatini. Siku za gulio na sikukuu safari ziongezwe, maana kumzuia mtu bila kumpa safari nyingine ni kumsukuma kwenye mtumbwi.

Na mkubwa yeyote anayefika gatini kwa gari la kazi asidai kupakiwa baada ya hesabu kutimia. Akifanya hivyo, mhesabu atakosa nguvu ya kumzuia mtu mwingine yeyote. Roho za watu ni amana, na amana hailindwi kwa hotuba za siku ya mazishi. Hulindwa gatini, kila siku, kabla kamba haijafunguliwa.