Munganga akikuomba uingie katika majaribio ya dawa

Kisha mahubiri yetu ya radio juu ya uponyaji, mulituletea maulizo mengi, na mengi yalirudia jambo moja. Ndugu mumoja aliandika kwa simu: "Muchungaji, wanasema wanganga watakuja kwetu kujaribu dawa ya mpox. Mutoto wa Mungu anaweza kukubali kufanywa kobayi?" Mama mumoja naye aliuliza kama kutia sinyatire kwenye karatasi yao ni kuuza damu yake. Hatukutaka kujibu kwa dakika mbili mbele ya wimbo wa mwisho. Tunajibu hapa.

Majaribio ya dawa, ile wanganga wanaita ese kliniki, ni kazi ya kutafuta jibu la ulizo moja: dawa hii inasaidia kweli, ao mugonjwa angepona hata bila hiyo?

Ulizo hilo linaonekana kuwa dogo. Lakini tukumbuke Kikwit, mwaka wa 1995. Ebola iliua watu karibu 250. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona, wakawapa wagonjwa 8. Kati yao 7 wakaishi. Kwetu sisi wa kanisa hiyo ingetosha. Tungepiga vigelegele na kumuita kila mumoja atoe ushuhuda. Lakini wenye elimu waliuliza: je, hao 8 walikuwa wamekwisha kupita siku zile mbaya? Walitunzwa vizuri kuliko wengine? Hakukuwa kundi lingine la kulinganisha nalo, basi hakuna mutu aliyeweza kujibu. Ebola ilirudi tena na tena, na watu wetu waliendelea kufa bila dawa iliyohakikishwa.

Mwenye kusoma Biblia asishangae jambo hili la kulinganisha. Fungua Danieli sura ya kwanza. Danieli na wenzake watatu hawakutaka chakula cha mufalme. Mukubwa wa matowashi aliogopa kwamba watakonda, na kichwa chake kitakatwa. Danieli hakusema waamini tu. Alimuomba msimamizi awajaribu siku 10 kwa mboga na maji, kisha atazame nyuso zao na nyuso za vijana wanaokula meza ya mufalme, halafu aamue kulingana na yale atakayoyaona. Hapo kuna makundi mawili, kuna siku zilizohesabiwa, na kuna watu waliokubali wenyewe. (Kwenye chuo cha Biblia tulifundishwa sura hii kuwa somo la kujitenga na unajisi tu. Ni kweli, lakini ndani yake kuna zaidi.)

Sasa tuje kwetu. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2018, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Mpaka ilipotangazwa kuwa imekwisha, mwezi wa 6 mwaka wa 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Mwezi wa 11 mwaka wa 2018, majaribio yakaanza Beni, kisha Butembo, Katwa na Mangina. Yalipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Hakuna mugonjwa aliyepewa maji matupu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa kuua na ZMapp ilikuwa tayari imeonyesha tumaini katika Afrika ya Magharibi. Basi zile tatu zililinganishwa nayo.

Nani apate dawa gani? Ilipigwa kura. Hapo ndipo wengi wanakasirika: "Namna gani maisha ya baba yangu yanapigiwa kura?" Lakini tufikiri. Kama munganga angechagua mwenyewe, pengine angewapa vijana dawa anayoipenda na wazee ile ingine. Vijana wangepona zaidi, tungesema dawa imeponya, kumbe ni ujana. Pengine angempa dawa nzuri ndugu yake, ao mwenye feza. Kura haijui nani ni mukubwa. Mitume nao walipiga kura wakati wa kutafuta mwenye kuchukua nafasi ya Yuda, na hakuna anayesema walicheza.

Kulikuwa pia komite ya watu wa pembeni, wasiotunza wagonjwa wenyewe, ambao kazi yao ni kutazama hesabu mbele ya mwisho. Mwezi wa 8 mwaka wa 2019, kisha kuangalia wagonjwa 499, waliona kwamba dawa mbili zinashinda zingine. Hawakungojea hesabu yote itimie. Walisema kura isimame, na kuanzia hapo wagonjwa wapewe hizo mbili tu. Hesabu ya mwisho ilionyesha hivi: kati ya waliopewa ZMapp karibu nusu walikufa, kati ya waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa 100, na REGN-EB3 33 ao 34 kwa 100. Wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu, na kupewa moja ya hizo mbili, alikufa karibu mumoja kati ya 10. Na mAb114 ilitoka wapi? Ilitengenezwa kutokana na damu ya mutu aliyepona Ebola pale pale Kikwit mwaka wa 1995. Leo dawa hizo mbili zinakubaliwa duniani.

Hesabu moja ya majaribio yale tuliisoma kwa uchungu. Kila siku mugonjwa anayochelewa kufika, hatari yake ya kufa inapanda kwa 11 kwa 100. Mwaka wa 2019 mama mumoja wa kwaya yetu alianza homa na kutapika. Tulisikia maneno ya mutaani, kwamba kule sentre ya Ebola wanajaribu sumu kwa watu, na sisi watumishi hatukuyakataza. Tulikaa naye nyumbani siku nne, tukiomba, tukifunga. Siku ya tano watoto wake wakampeleka wenyewe, bila kutuambia. Alikufa kisha siku mbili. Hatuwezi kusema angepona. Lakini siku zile nne ni zetu, na tumezitubu mbele ya watoto wake, ambao bado wanasali pamoja nasi. Tunaandika hili kusudi musidhani tunafundisha kutoka juu.

Hata hivyo hatutamwita mujinga mutu anayeogopa. Woga huu una mizizi. Kule Marekani, Tuskegee, kuanzia 1932 mpaka 1972, serikali iliangalia karibu watu weusi 400 wenye kaswende bila kuwatunza, hata wakati penisilini ilikuwa imejulikana kuwa inaponya. Hawakuambiwa ukweli, walidanganywa kwamba wanatunzwa. Ni kwa sababu ya mambo kama hayo, na yale Wajerumani walifanya katika kambi za vita, dunia iliweka sheria: hakuna kumujaribu mutu bila yeye kuelezwa na kukubali mwenyewe. Kwa hiyo ile karatasi iliyomuogopesha mama yetu haiuzi damu. Iliwekwa ili kumulinda yeye.

Na kuna jambo wengine hawataki kusikia: majaribio yanaweza kumalizika na dawa ikashindwa. Mwaka wa 2022, Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru, walianza kujaribu tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox 597. Kundi moja lilipata dawa, lingine lilipata plasebo, ni kusema kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Mugonjwa hakujua, munganga wake naye hakujua. Mwaka wa 2024 jibu likatoka: dawa haikufanya vidonda kupona haraka kuliko plasebo. Je, watu wale walitumiwa bure? Sikieni hili. Katika makundi yote mawili walikufa chini ya 2 kwa 100, hali katika inchi yetu mpox ya namna ile ilikuwa ikiua karibu 4 kwa 100. Walilazwa, wakalishwa vizuri, wakatunzwa magonjwa mengine. Kitanda, chakula na muuguzi vilifanya kazi ambayo kidonge hakikufanya. Mwaka wa 2025 dawa ingine, brincidofovir, ilianza kujaribiwa katika inchi yetu, na zingine zitafuata.

Basi, wakikujia, uliza. Uliza kama dawa imekwisha kupewa watu wengine, na ni wangapi, kwa sababu kwa kawaida inaanza kwa watu wachache wenye afya, kisha mamia, kisha wengi. Uliza kama kuna plasebo. Uliza damu itachukuliwa mara ngapi na itapelekwa wapi. Uliza nani atakutunza kama dawa ikikuumiza, na kama matunzo hayo ni bure. Kama una mimba ao unanyonyesha, sema mapema. Karatasi isomwe kwa luga unayoielewa. Kama ni Kifaransa na wewe unajua Kiswahili, usitie sinyatire mpaka isomwe upya. Una ruhusa ya kukataa, na hata kama ulikwisha kukubali una ruhusa ya kutoka katikati, na bado wanapaswa kukutunza kama mugonjwa mwingine yeyote. Mutu akikuambia "ukikataa hautatunzwa," huyo amevunja sheria. Anayekuahidi kwamba utapona hakika, huyo naye usimuamini. Kama wangekuwa na hakika, hawangejaribu.

Wengine watauliza: na imani je? Isaya alimupelekea Hezekia neno la Mungu kwamba atapona, kisha akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Luka aliyefuatana na Paulo alikuwa munganga. Sisi tutaendelea kuwawekea wagonjwa mikono, hata wale walio katika majaribio, kama tukiruhusiwa kuingia. Hatutamwambia mutu kwamba kukubali ni kukosa imani. Vilevile hatutasimama mimbarani kumulazimisha mutu kukubali, kwa sababu muchungaji anayesukuma kundi lake kutia sinyatire anaondoa kile karatasi ile inalinda.

Mwenye kupewa karatasi ya namna hiyo na hajaielewa, ailete siku ya Alhamisi kisha maombi ya muchana. Kati yetu kuna dada muuguzi aliyekubali kukaa nasi. Tutaisoma pamoja kwa Kiswahili, mustari kwa mustari, na tutaandika maulizo utakayokwenda kumuuliza munganga. Kuja na mume wako, ao muke wako, ao mutoto mukubwa. Kukubali ao kukataa, mutaamua ninyi wenyewe nyumbani.