Redio ya babu: usikimbilie priza

Katika nyumba za wazee hapa Mashamba, Kapata ao Luilu, mara nyingine utaona juu ya kabati kisanduku kikubwa cha mbao, kitambaa mbele, na kioo chenye majina ya miji: Paris, London, Léopoldville. Ni redio ya lampi. Babu aliinunua wakati wa Union Minière, akaitunza, akafa. Sasa kijana wa nyumba anasema: "Mama, acha niitie umeme, tuone kama iko inasema."

Kijana, ngoja kwanza.

Umeme wa kutumikisha migodi na redio kama hizo ulitoka kwa Lualaba yetu: bwawa la Nzilo mwaka wa 1952, na la Nseke mwaka wa 1956. Wenzetu wa ng'ambo, kule Zambia (wakati ule Rhodesia ya Kaskazini), walianza 1949 na redio ndogo ya Ever Ready iliyoitwa "sufuria" kwa sababu ya umbo lake. Ilikuwa na lampi 4, bei yake pauni 5, na betri yake ilidumu saa 300 hivi. Betri haina hasira nyingi. Lakini ile ya priza ni jambo lingine.

Ndani ya redio ya priza, lampi zinahitaji volti 200 mpaka 300, na umeme huo unawekwa ndani ya kondensateri, vile vikopo vinavyohifadhi umeme. Ukiisha kung'oa waya kwa priza, vikopo vinaweza kubaki vimejaa. Redio iko kimya, haina waya, nawe unaingiza kidole. Hapo ndipo watu wanaumia.

Tena kuna redio zisizo na transfoma. Kwa hizo, shasi, ndiyo ile bati inayobeba lampi, inaungana na umeme wa nyumba moja kwa moja. Ukigusa bati, ao skrubu ya kifungo kilichopotea, ni kama kugusa waya wa ukuta. Usifungue redio ya namna hiyo yenye umeme bila transfoma ya kutenganisha, ile yenye kuachanisha kabisa umeme wa fundi na umeme wa ukuta.

Basi unaanza namna gani? Bila umeme. Toa waya kwa priza, fungua mgongo, angalia kwa macho: waya ulioliwa na panya, mpira uliopasuka, kikopo kilichovimba. Waya wa zamani uubadilishe mara moja. Angalia pia kigeuzi cha volti, maana redio nyingi za Ulaya zinacho nyuma: kama kimebaki kwa 110, umeme wetu wa 220 utaichoma.

Halafu multimetri. Chukua yenye kubeba volti 600, nyaya zake zisiwe na jeraha. Ipime kwanza mahali unapojua umeme uko, ndipo upime kondensateri. Ukikuta volti, usigonge na bisibisi kama mafundi wa njiani wanavyofanya. Cheche ile inaharibu kikopo na inaweza kukuchoma. Tumia rezista ya ohmu 10,000, ya wati 5 ao zaidi, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri. Shikilia sekunde 10, upime tena. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine uko mfukoni.

Kondensateri za karatasi na nta, mimi sizihurumii. Karibu zote zinavujisha umeme sasa. Badilisha mbele ya kuwasha, hasa ile inayopeleka sauti kwa lampi ya mwisho, kwa maana ikivuja inaua lampi hiyo, na lampi nzuri leo ni shida kuipata.

Siku ya kuwasha, umeme upite kwanza ndani ya ampule ya zamani ya wati 40 ao 60, yenye uzi ndani. Ampule ya LED haifai. Ikiwaka kidogo halafu ikapunguka, endelea. Ikibaki inawaka sana, zima: kuna nyaya zinagusana ndani. Lakini ampule hiyo inalinda redio, hailindi mwili wako.

Nikuambie ukweli: nyingi za redio hizi hazina FM, basi usitegemee kupata stesheni zote za Kolwezi. Utapata mawimbi mafupi usiku, wakati majirani wamezima mashine zao.

Vijana wengi basi wanataka kuunga telefone nyuma, kwa matundu ya gramafoni, ili nyimbo za kwaya zipite kwa sauti ile nzito ya zamani. Kwa redio yenye transfoma nzima, fundi anaweza kukufanyia. Kwa redio isiyo na transfoma, hapana. Umeme wa bati utafuata kile kiwaya mpaka kwa telefone, na telefone iko mkononi mwako.