Mashine ya Kufua na Kukausha Inapotoa Nguo Mbichi

Mashine zinazofua na kukausha nguo katika pipa lilelile huuzwa mpya madukani, na nyingine huingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Lalamiko linaloandamana nazo halibadiliki: muda wa kukausha umekwisha, mashine imezimika, na nguo bado ni mbichi. Akiitwa fundi, dhana ya kwanza huwa kwamba hita imeungua. Ni kweli kwamba hita huungua. Hata hivyo, mlaji wa Singida ana sababu za kutosha kuchunguza kwanza uzito wa nguo, maji na umeme, kwa kuwa kununua hita mpya huku ya zamani ni nzima ni hasara isiyofidiwa na mtu yeyote.

Kuhusu uzito, namba kubwa iliyobandikwa mbele ya mashine ni ya kufua. Mashine iliyoandikwa kilo 8 mara nyingi hukausha kilo 5 tu, na namba hiyo ndogo huwa ndani ya kitabu cha maelekezo ambacho wengi hawakifungui. Suruali moja ya jinzi ya mtu mzima hukaribia robo tatu ya kilo, hivyo mzigo wa kukausha hujaa upesi kuliko inavyodhaniwa. Baada ya kufua, punguza nguo, kisha chagua mwendo mkubwa wa kukamua. Kilo 5 za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na takriban lita 3.5 za maji. Kwa mizunguko 1,400 hubaki na takriban lita 2.5. Lita hiyo moja iliyozidi italazimika kuondolewa kwa umeme wako.

Maji ndiyo sababu inayosahaulika zaidi, kwani ni nani angedhani kwamba mashine huhitaji maji ili ikaushe? Mashine nyingi za aina hii hazitoi mvuke nje ya nyumba. Hewa ya moto hupita katika nguo, hubeba unyevu, kisha hupozwa kwa maji baridi yanayotiririka ndani ya mashine. Mvuke hurudi kuwa maji na kutolewa na pampu. Mtu anayefunga koki mara tu kufua kunapokwisha, kwa nia njema ya kubana matumizi, huwa ameizuia mashine isikaushe. Mvuke hukosa pa kwenda, huzunguka na kurudi katika nguo zilezile.

Kaya nyingi mjini Singida hutegemea tanki lililoinuliwa juu ya mnara mfupi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa mgandamizo wa takriban baa 1, na mashine nyingi hutaka usiopungua baa 0.5. Maana yake, usawa wa maji ndani ya tanki unapaswa kuwa juu ya mashine kwa takriban mita 5. Tanki la mita 2 au 3 linaweza kuijaza mashine polepole wakati wa kufua, lakini lisitosheleze upozaji. Aidha, tanki jeusi lililopigwa na jua mchana kutwa hutoa maji ya vuguvugu ambayo hayapozi mvuke ipasavyo. Asubuhi ni wakati bora wa kukausha. Kagua pia kichujio kidogo kilichopo pale mpira wa maji unapoungana na mashine, maana mchanga na ukoko wa chumvi za maji ya visima hukiziba. Mashine chache hupoza kwa hewa. Kitabu chake kitaeleza.

Umeme nao una hesabu yake. Hita ya volti 230 ikipata volti 180 haitoi joto pungufu kidogo tu. Hutoa asilimia 61 ya nguvu yake, huku saa ya mashine ikiendelea kuhesabu dakika zilezile. Mpime umeme kwa voltimita wakati hita inafanya kazi, si mashine ikiwa imezimwa. Kwa mashine iliyotumika nje, soma kibao cha maelezo: kionyeshe volti 220 hadi 240 na hezi 50.

Kipimo rahisi kabla ya kumwita fundi ni hiki. Baada ya nusu saa ya kukausha, gusa kioo cha mlango kwa tahadhari. Kikiwa cha moto na nguo zikaishia kuwa mbichi, hita inafanya kazi. Tafuta kosa katika maji, pampu au uzito. Kikiwa baridi, hita, thamostati au umeme ndivyo vya kuchunguzwa. Nguo zinazotoka zikiwa za moto pia hudanganya mkono: zikung'ute, zikae dakika 15, ndipo uamue.

Kichujio cha pampu, nyuma ya kijimlango cha chini, kisafishwe mara kwa mara. Usimruhusu fundi kuruka thamostati kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Mwezi Agosti 2016, moto ulioteketeza ghorofa kadhaa za jengo la Shepherd's Court, London, ulianzia katika mashine ya kukaushia nguo.

Hita ikithibitika kuwa mbovu, fundi aipime mbele yako na akukabidhi ile iliyotolewa. Ikiwa dhamana haijaisha, mashine isifunguliwe na fundi wa nje; irudishe kwa muuzaji pamoja na risiti ya EFD. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuiuza, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Muuzaji aliyekuhakikishia kwamba mashine hukausha kilo 8, ilhali kitabu kinasema 5, ana jambo la kujibu, na Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya namna hiyo. Umeme hafifu ulalamikiwe kwanza TANESCO, na maji ya bomba yasiyo na nguvu SUWASA; usiporidhika na majibu, peleka lalamiko EWURA ukiwa na nakala ya maandishi uliyowasilisha na tarehe zake.

Na kwa kuwa kukausha mara moja huweza kutumia uniti 4 hadi 6, jua na upepo wa Singida wa kuanzia Mei hadi Oktoba hufanya kazi hiyohiyo bila kuigusa LUKU.