Dawa kongwe, mioyo michanga

Watoto 399 wa kaskazini mwa Uganda walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Ugonjwa wa moyo uliendelea kwa watatu tu kati yao. Wenzao 400 hawakuchomwa, na katika kundi hilo waliozorota walikuwa 33.

Matokeo hayo yalichapishwa Novemba 2021 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Utafiti ulifanyika Gulu na kuendeshwa na Taasisi ya Moyo ya Uganda, akiwamo daktari Emmy Okello, pamoja na wataalamu wa Marekani, akiwamo daktari Andrea Beaton. Hapakuwa na dawa mpya iliyojaribiwa. Benzathini penisilini imetumika tangu miaka ya 1950, na wazazi wengi wanaikumbuka kwa jinsi inavyouma kwenye kalio. Kilichokuwa hakijulikani ni kama ingeweza kuokoa moyo wa mtoto ambaye bado anacheza mpira, hajaugua hata siku moja kifuani, lakini kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kimeshaona dalili za awali. Sasa jibu lipo.

Tukitaja ugonjwa wa moyo, wengi wetu huwaza presha, kitambi, sigara na umri mkubwa. Hayo ni kweli, na idadi ya wagonjwa wa namna hiyo inaongezeka mijini na vijijini. Lakini upo ugonjwa mwingine unaoanza utotoni, nao huanzia kooni.

Kutoka kooni hadi moyoni

Bakteria aina ya streptokoka wa kundi A humwingia mtoto na kumsababishia maumivu ya koo, homa na tezi za shingo kuvimba. Mara nyingi hupona baada ya siku chache. Kwa baadhi ya watoto, hasa wenye umri wa miaka mitano hadi 15, kinga ya mwili iliyoamka kupambana na bakteria hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye magoti na vifundo vya miguu huvimba, maumivu yakihama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki.

Viungo hupona. Valvu za moyo, ile milango inayoruhusu damu ipite upande mmoja bila kurudi nyuma, huenda zikabaki na makovu. Kila maambukizi mapya ya koo yanaweza kuiamsha homa hiyo tena na kuongeza kovu juu ya kovu, mpaka valvu inakakamaa isifunguke sawasawa, au inavuja. Haya yote yanaweza kutokea kwa miaka mingi kimyakimya. Kuna wanawake wanaojua kwamba wana tatizo pale tu wanapopata ujauzito, damu mwilini inapoongezeka na moyo kushindwa kuisukuma.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki, na unaua takriban 360,000 kila mwaka. Katika nchi tajiri umebaki nadra. Kule ulianza kupungua hata kabla ya penisilini kupatikana, watu walipopata nyumba zenye nafasi na kuacha kulala wengi katika chumba kimoja. Bado unawasumbua wenyeji asilia wa Australia, katika nchi ambayo wananchi wengine karibu wameusahau. Bakteria ni yuleyule. Kinachotofautiana ni hali ya maisha.

Sura ya wagonjwa wenyewe ilionekana wazi katika utafiti ulioitwa REMEDY, ambao marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini alikuwa mmoja wa viongozi wake. Ulifuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Ndani ya miaka miwili, takriban asilimia 17 walikuwa wamefariki dunia.

Jipya liliposhindwa na la zamani

Valvu ikiharibika sana, mapigo ya moyo hupoteza mpangilio, damu hutuama ndani ya moyo na kuganda. Bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo, mgonjwa anapata kiharusi. Kwa miongo mingi kinga imekuwa vidonge vya wafarini, dawa yenye masharti magumu. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo cha INR ili kujua kama dozi inatosha. Ikizidi anaweza kuvuja damu, ikipungua damu inaganda. Baadhi ya vyakula na dawa nyingine huivuruga, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayewekewa valvu ya chuma, kama wanavyowekewa wagonjwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, huitumia maisha yake yote.

Ndiyo maana dawa mpya zisizohitaji vipimo hivyo zilipopatikana, wataalamu wengi waliamini kwamba zingewafaa zaidi wagonjwa wetu, ambao wengi huishi mbali na maabara. Jaribio la INVICTUS liliandikisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na kulinganisha dawa mpya ya rivaroksabani na wafarini pamoja na dawa za jamii yake.

Majibu yalitolewa Agosti 2022 na kuwashangaza hata watafiti. Katika kundi la dawa mpya walifariki wagonjwa 552, katika kundi la dawa ya zamani 442. Viharusi pia vilikuwa vichache zaidi kwa waliotumia dawa ya zamani, bila kuongezeka kwa kiwango kikubwa matukio ya kuvuja damu. Na hilo lilitokea ingawa vipimo vya wengi wao havikukaa ndani ya kiwango kinachotakiwa wakati wote.

Sababu bado inajadiliwa. Wapo wanaosema kuwa huenda kule kuitwa kliniki kila mwezi kupimwa damu kuliwafanya wagonjwa waonwe na daktari mara nyingi zaidi. Maelezo hayo hayajathibitishwa. Lakini funzo moja halina ubishi: wagonjwa wa Ulaya hawawezi kujibu maswali ya wagonjwa wa Kampala au Delhi. Dawa iliyofanya vizuri kwa wazee wa kule wenye valvu nzima haikufanya hivyo kwa mama wa miaka 50 aliyeugua homa ya rumatiki utotoni. Utafiti lazima ufanyike walipo wagonjwa.

Si kila mtoto achomwe

Turudi Gulu, maana takwimu zake zinahitaji kusomwa kwa makini. Ili kuwapata watoto 818 wa kushiriki, ambao karibu wote walifika mwisho wa utafiti, watafiti waliwapima moyo zaidi ya watoto 100,000. Na katika kundi ambalo halikuchomwa, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hawakuzorota katika miaka hiyo miwili. Kwa hesabu nyingine, watoto 13 wachomwe kwa miaka miwili ili mmoja aokolewe. Nchi yenye mashine chache za eko na wataalamu wachache wa kuzisoma inabidi ipime vizuri iweke nguvu zake wapi.

Halafu kuna sindano yenyewe. Inauma, na katika matukio machache sana huleta mzio. Watafiti wa Uganda wanajaribu kuona kama vidonge vya penisilini vinaweza kushika nafasi yake. Huko Perth, Australia, wenzao wamejaribu kwa watu wazima wenye afya kuweka kiasi kikubwa cha dawa chini ya ngozi ili idumu kwa miezi kadhaa. Chanjo dhidi ya bakteria huyo bado haijapatikana.

Sindano za Gulu zilifanya kazi kwa sababu zilichomwa: karibu zote zilizopangwa zilitolewa kwa wakati. Nje ya utafiti mambo si hivyo. Penisilini hii hutengenezwa na viwanda vichache, faida yake ni ndogo, na uhaba wake umewahi kuripotiwa katika nchi nyingi. Mtoto akikosa dozi mwezi huu na ujao, kinga yake inaisha bila mtu kugundua.

Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, na mwaka 2024 WHO ikatoa mwongozo wa kuuzuia na kuutambua. Kwa mzazi, hatua ya kwanza ni kumpeleka mtoto mwenye homa na maumivu ya koo akaonwe na mhudumu wa afya, na kumaliza dozi atakayopewa. Kwa wizara na halmashauri, sasa kipimo si wingi wa maazimio. Kipimo ni kama kila wilaya ina daftari la watoto wanaotakiwa kuchomwa, kama dawa ipo siku hiyo, na nani anatumwa nyumbani kwa mtoto ambaye hakutokea.