Filta Huchuja, Haiongezi

Kila mama wa pwani ajua kazi ya kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa ndani, ikakamuliwa, tui likatoka na chicha zikabaki. Kifumbu hakiongezi utamu katika tui. Kazi yake ni kuzuia. Filta ya kamera nayo ni vivyo hivyo. Ni kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, kikapitisha nuru hii na kuizuia ile. Basi anayekwenda dukani akauliza, "Itaniongezea nini?" ameuliza kinyume. La kuuliza ni, "Itanizuilia nini?"

Swali hilo nilijifunza kwa fedheha, hapa hapa Bondeni, siku ya harusi ya dada yangu. Zama hizo tukitumia filamu za picha nyeusi na nyeupe. Asubuhi nilikwenda Mji wa Kale kupiga mnara mweupe wa msikiti wa Mandhry, msikiti wa tangu mwaka 1570, nami nimefunga filta ya rangi ya machungwa ili mbingu ikoze na mnara udhihiri. Alasiri nikarudi nyumbani. Kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, ni mimi pekee niliyeruhusiwa kuingia uani kumpiga picha bibi harusi. Hina ilikuwa imekoza mikononi na miguuni. Nikamaliza filamu nzima, na ile filta sikuitoa.

Picha ziliporudi, mnara ulipendeza. Lakini mikono ya bibi harusi ilikuwa kana kwamba haikuguswa. Shangazi yetu alizishika, akazigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwani huyu hakupakwa hina?"

Sikuwa na jibu. Hina yenyewe ilikuwa imekwisha fifia, na harusi hairudiwi kwa ajili ya picha.

Kanuni ya rangi

Kanuni yake ni nyepesi. Katika picha isiyo rangi, filta huing'arisha rangi iliyo sawa na yake, na huitia giza rangi iliyo kinyume. Filta ya manjano huikoza kidogo mbingu ya samawati, mawingu yakaonekana. Ya machungwa huikoza zaidi. Nyekundu huifanya mbingu karibu iwe nyeusi kama ya usiku. Ikiwa mbingu yote imetanda wingu, hakuna samawati ya kuzuiwa, nayo filta haitakufaa kitu.

Hina ina wekundu na umachungwa. Filta yangu iliupitisha wekundu huo wote, wa hina na wa ngozi, vikawa sawa. Laiti ningalifunga ya kijani, wekundu ungalizuiwa, na maua ya hina yangalisimama meusi juu ya mkono. Piko haina taabu hiyo, kwa kuwa weusi wake hauna rangi ya kupita.

Tena kila kinachozuiwa ni nuru iliyopotea. Filta ya manjano yataka nuru mara mbili, ya machungwa kama mara nne, na nyekundu kama mara nane. Ikiwa bila filta ulipiga kwa muda wa 1/250 ya sekunde, kwa manjano nenda 1/125, kwa machungwa 1/60, na kwa nyekundu 1/30. Kamera inayopima nuru kupitia lenzi hujirekebisha yenyewe. Anayetumia kipima-mwanga cha mkononi ndiye wa kukumbuka.

Jua la pwani

Kwa picha za rangi, filta yenye faida kubwa kwetu ni polaraiza. Huzungushwa mbele ya lenzi mpaka mng'ao wa maji, wa vioo vya maduka na wa majani ya minazi upungue. Mng'ao wa chuma kitupu hauondoi. Simama Bandari ya Kale maji yakiwa maangavu, izungushe polepole, na utaona chini ya ngalawa mahali ulipokuwa ukiona mbingu tu.

Mbingu nayo huikoza, lakini si pande zote: hukoza zaidi ubavuni mwa jua. Hapa Mombasa tuna alama isiyopotea. Makka iko karibu kaskazini yetu hasa. Basi jua likiwa chini mashariki au magharibi, mwenye kuelekea kibla, au kukipa mgongo, ndiye atakayepata mbingu iliyokoza. Adhuhuri jua likiwa utosini, ukanda huo hushuka ukazunguka upeo wa macho. Kamera inayolenga yenyewe ichagulie polaraiza ya aina ya duara.

Ile filta nyeupe ya kuzuia miali isiyoonekana, katika kamera za dijitali faida yake kubwa ni ngao. Chumvi ya bahari na vumbi la barabara ya Abdel Nasser viangukie kioo hicho, visiguse lenzi. Usiku wa maulidi, taa zikiwa nyingi, itoe, maana huzaa vivuli vya taa ndani ya picha.

Kabla ya kununua, soma nambari iliyo ubavuni mwa alama ya duara lililokatwa mstari katika mdomo wa lenzi: 52, 58, 67 na kadhalika. Hizo ni milimita. Mwenye lenzi kadhaa na anunue filta ya ile kubwa kabisa, pamoja na pete za kuunganishia zile ndogo.

Kamera za leo zina filta za rangi ndani yake bila kioo, na ukihifadhi picha ghafi yenye rangi zote waweza kuamua baadaye. Lakini polaraiza haina badali kamili: mng'ao ukishafunika kitu, mashine haitajua kilichokuwa chini yake.

Studio ya Parekh iliwapiga picha watu wa Mombasa kwa miaka mingi katika karne ya 20, na leo kanga, kofia na vito vya wakati ule twavijua kwa picha kama zile. Kisichoingia katika picha, wajukuu hawatakiona.

Ile picha yangu ingali ukutani Bondeni. Wajukuu wa dada yangu huitazama, wakauliza mbona nyanya aliolewa mikono mitupu. Huwaeleza yeye. Picha haiwezi.