Vibrio: Jina la Jenasi na Matumizi Yake

Miongoni mwa majina ya kisayansi yanayomtatiza mwandishi wa Kiswahili ni vibrio. Ni rahisi kulichukua kuwa jina jingine la vijidudu vya kipindupindu. Ni rahisi pia kulitungia umoja wa "kibrio", kwa kudhani kwamba vi- ni kiambishi cha wingi. Kosa la kwanza ndilo lenye madhara zaidi, kwa kuwa linagusa afya ya watu na riziki zao.

Vibrio ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, katika familia ya Vibrionaceae. Spishi zake zinazojulikana zimepita 100. Jina limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutikisika, nalo lilitumiwa na O. F. Müller wa Denmaki mwaka 1773. Mwaka 1854 Filippo Pacini wa Italia aliwaeleza vibrio aliowaona katika matumbo ya waliokufa kwa kipindupindu. Na mwaka 1884 Robert Koch wa Ujerumani akatangaza kuwa ndio chanzo cha maradhi hayo.

Bakteria hawa wana umbo la kijiti, aghalabu kilichopinda mithili ya alama ya mkato, na huogelea kwa mkia mwembamba kama mjeledi. Huweza kuishi penye oksijeni na pasipo. Wengi huhitaji chumvi. Asidi kali na moto wa kupikia huwaua. Makao yao ya asili ni bahari na maji ya chumvichumvi, ambamo baadhi yao hujishikiza juu ya magamba ya viumbe vidogo vya jamii ya kamba.

Mazingira ya namna hiyo yapo Bagamoyo, mahali Mto Ruvu unapokutana na bahari katikati ya mikoko, na kaskazini yake hadi Saadani, penye uvuvi wa kamba. Kwa hiyo, vibrio kuonekana katika maji hayo si ushahidi kwamba kipindupindu kimeingia. Ni lazima spishi itajwe.

Vibrio cholerae ndiye wa kipindupindu. Hata hivyo, milipuko mikubwa husababishwa na makundi yake mawili tu, O1 na O139. Maradhi haya yalipita Pangani yakafika Unguja mwaka 1869, na yalienea tena Tanzania mwaka 1977. Vibrio parahaemolyticus huleta tumbo la kuhara kwa mlaji wa vyakula vya baharini visivyoiva. Vibrio vulnificus huweza kuingia kwenye kidonda kilichoguswa na maji ya bahari, na huweza kuua upesi. Anayedhani vibrio ni kipindupindu tu huwaogopa kamba bila sababu, na papo hapo hupuuza kidonda chake.

Sasa tutazame sarufi. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, na ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Waswahili wakaifanya kiambishi, wakapata vitabu. Kwa neno la kawaida hapana ubaya. Jina la kisayansi, lakini, halina budi kubaki lilivyo, ili msomaji aweze kulitambua katika vitabu vya lugha yoyote.

Kwa hiyo twapendekeza:

Jenasi: Vibrio (jenasi hii).
Kiumbe: vibrio huyu, vibrio hawa.
Spishi: jina kamili, kama Vibrio cholerae.
Ugonjwa: kipindupindu, kwa maradhi yenyewe peke yake.